Orodha ya Mnyongaji: Uchambuzi wa Kisa cha Kumbukumbu ya Majimaji mjini Songea

Mji wa Songea unaitwa kwa jina la mtu aliyenyongwa ndani yake. Songea Mbano alikuwa nduna mkubwa, yaani kiongozi aliye chini ya mfalme, katika utawala wa Wangoni wa Njelu, na Wajerumani walipoanzisha kituo chao cha kijeshi mwaka 1897 jirani na makazi yake, kituo kikachukua jina lake. Miaka tisa baadaye walimnyonga mwenye jina, ila jina lenyewe hawakulifuta. Waliendelea kulitumia katika barua na ramani zao, Waingereza wakalirithi, na leo ni jina la manispaa ambayo ni makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma. Kwa kawaida mtu hujengewa mnara ili jina lake lisipotee. Hapa jina halikuwa hatarini hata kidogo. Vilivyopotea ni vingine: kichwa cha mwenye jina, na majina ya maelfu kwa maelfu ya watu waliokufa katika vita hivyohivyo, Vita vya Majimaji vya kuupinga utawala wa Wajerumani, bila kupita mbele ya hakimu wala padri. Uchambuzi huu unahusu namna kumbukumbu iliyojengwa mjini inavyobeba hasara hizo mbili, moja kwa sauti na nyingine kwa kimya.

Kumbukumbu iko Mahenge, eneo lisilo mbali na kitovu cha mji. (Msomaji asiichanganye Mahenge hii na ile ya Ulanga, mkoani Morogoro, ambayo boma lake lilishambuliwa na maelfu ya wapiganaji tarehe 30 Agosti 1905. Majina yamefanana na vita ni vilevile, kwa hiyo kosa hilo ni rahisi kufanywa hata na watu makini.) Pana makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1980, ambayo tangu mwaka 2010 yamewekwa chini ya Makumbusho ya Taifa, pana sanamu za manduna, pana kaburi la halaiki na mnara wenye majina ya waliozikwa humo, na kando yake pana kaburi jingine, la mtu mmoja, ambaye ni Songea Mbano. Kila mwaka mwishoni mwa Februari wazee wa mila, viongozi wa serikali, wanafunzi na wajukuu wa waliouawa hukusanyika hapo. Mkuki na ngao huwekwa kaburini pamoja na maua, hotuba hutolewa, na ngoma ya lizombe huchezwa. Kilele ni tarehe 27, kwa sababu ndiyo siku ambayo mwaka 1906 watu hao walipandishwa kitanzini.

Hesabu inayosomwa kila mwaka ni ya mashujaa 67. Nambari hiyo ndiyo ninayotaka kuichunguza, si kwa kuitilia shaka, bali kwa kuuliza ilipatikanaje, na kwa nini vita vilivyoua watu kwa makumi ya maelfu vimeishia kukumbukwa mjini hapa kwa nambari ndogo na kamili namna hiyo.

Vita vyenyewe vilianzia mbali na Songea. Julai 1905 watu wa Nandete, katika vilima vya Umatumbi, waling'oa pamba. Kitendo hicho kilikuwa tangazo la vita, kwa kuwa pamba hiyo haikuwa mali yao. Ilikuwa imelimwa kwa kulazimishwa, chini ya usimamizi wa maakida na majumbe, katika mashamba ya pamoja yaliyoanzishwa wakati wa Gavana Gustav Adolf von Götzen, na malipo yake hayakutosha hata kumwondolea mkulima mzigo wa kodi iliyokuwa ikidaiwa tangu mwaka 1898. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa ameshawapa watu dawa ya maji ambayo ingegeuza risasi za Mjerumani kuwa maji. Alinyongwa Mohoro mwanzoni mwa Agosti, lakini wakati huo dawa ilikuwa imekwisha kusafiri, na wajumbe wake walikuwa njiani kuelekea kusini na magharibi.

Ungoni hakukuwa na pamba ya kung'olewa. Wangoni walikuwa na kinyongo cha aina nyingine, cha watawala waliogeuzwa kuwa watawaliwa. Wazee wao walivuka mto Zambezi mwaka 1835 wakitokea kusini, wakawa wanaishi kwa vita, wakawatoza majirani ushuru na kuwateka. Sasa kituo cha Wajerumani kilikuwa kimewanyang'anya haki ya kuteka na kutoza, na nkosi, yaani mfalme, na manduna wakageuzwa watumishi wa kuwakusanyia wengine kodi. Ulikuwapo pia ugomvi wa dini. Padri mmoja wa misheni ya Peramiho alikuwa ameteketeza kibanda cha mahoka cha Nkosi Mputa Gama, yaani mahali pa kuwaheshimu mizimu wa ukoo wa kifalme, na kosa hilo halikusahauliwa: vita vilipofika, misheni hiyo nayo iliteketezwa.

Kwa Wangoni wa Njelu maji yaliingilia Kitanda. Mjumbe Omari Kinjala aliyaleta, na aliyempokea ni Nkomanile, mwanamke aliyekuwa na madaraka ya nduna. Kutoka kwake habari zikamfikia Mputa. Upande wa pili wa Ungoni, katika utawala wa Mshope, Nkosi Chabruma naye aliingia vitani. Imani katika dawa haikudumu; tarehe 21 Oktoba 1905 kikosi cha Wajerumani kilichotoka upande wa Mahenge ile ya Ulanga kilivamia kambi ya Wangoni huko Namabengo, na bunduki ya rashasha ikatoa jibu ambalo hakuna mganga aliyeweza kulieleza upya. Baada ya hapo watu walipigana kwa makundi madogo, wakijificha porini, na Wajerumani nao wakabadili mbinu. Waliacha kutafuta majeshi, wakatafuta maghala.

Kufikia mwanzo wa mwaka 1906 viongozi wengi wa Njelu walikuwa wamekamatwa au wamejisalimisha. Walihukumiwa kituoni. Padri Johannes Häfliger, Mbenediktini, aliruhusiwa kukaa nao kabla ya kunyongwa na akawabatiza wengi wao. Mputa alinyongwa, Nkomanile akanyongwa, mwanamke pekee kati yao. Songea Mbano hakunyongwa siku hiyo. Simulizi ya Wangoni inasema kwamba Wajerumani walitaka kumbakiza hai, na kwamba yeye mwenyewe alikataa kuachwa nyuma ya wenzake, akadai auawe. Alinyongwa siku chache baadaye, na ndiyo sababu kaburi lake liko peke yake. Simulizi hiyohiyo inasema kwamba alizikwa bila kichwa.

Turudi sasa kwenye nambari. Mtu anayenyongwa na serikali hufa kwa utaratibu. Kabla ya kufa hukamatwa na mtu mwenye cheo, hufikishwa mbele ya ofisa, hutajwa kwa jina na kosa lake, hufungwa mahali panapojulikana, na kama kuna padri karibu, huulizwa jina jipya analolitaka. Siku yake ya kufa hupangwa. Kaburi lake huchimbwa na watu wanaojua wanamchimbia nani. Ndugu zake, hata wakiwa mafichoni, hupata habari ya tarehe na mahali. Kwa maneno mengine, mauaji ya aina hii huzalisha kumbukumbu yenyewe kwa yenyewe: huacha majina, siku na shimo. Anayekuja kujenga mnara miaka 70 baadaye hukuta kazi ngumu imekwisha kufanywa, na imefanywa na muuaji.

Njaa haiachi vitu hivyo. Nahodha Wangenheim, mmoja wa maofisa wa Kijerumani katika vita hivi, alimwandikia gavana kwamba kwa maoni yake ni njaa na dhiki tu ndizo zitakazowafanya watu wasalimu amri kabisa, kwa kuwa mapigano peke yake yangebaki kuwa tone baharini. Maghala yakachomwa, mazao yakateketezwa mashambani au yakachukuliwa kulisha kikosi, na wakulima wakazuiliwa kupanda kwa wakati. Waliokufa kwa sababu hiyo hawakupita mbele ya ofisa yeyote. Walikufa njiani, porini, kwenye mapango, ng'ambo ya Ruvuma walikokimbilia, na wengi wao walikuwa wanawake, watoto na wazee ambao hawakuwa wamekunywa maji wala kushika mkuki. Hawana tarehe, kwa kuwa njaa haiui siku moja. Hawana kaburi la pamoja, kwa kuwa kila mmoja aliangukia pake. Na sherehe ya kila mwaka, kama ilivyo desturi ya serikali zote, inataka tarehe na mahali pa kuweka maua.

Tofauti hiyo ya uhesabuji inaonekana wazi zaidi katika takwimu za Wajerumani wenyewe. Kwa upande wao waliandika kwamba walipoteza Wazungu 15, askari 73 na wasaidizi wa Kiafrika 316. Wote hao walihesabiwa mmoja mmoja, hata rugaruga ambaye hakuwa na namba ya jeshi. Kwa upande wa pili, makisio ya serikali yalikuwa watu 75,000, na wanahistoria waliofuata wamepandisha makisio hayo hadi 250,000 au 300,000. Ukitazama nambari hizo mbili kwa pamoja utaona kwamba ya kwanza ni hesabu na ya pili ni ukubwa tu. Tofauti kati ya 75,000 na 300,000 ni watu 225,000, ambao historia haijaweza kusema kama walikufa au hawakuwahi kuwapo.

Sisemi kwamba waliojenga kumbukumbu ya Mahenge walikosea kuandika majina waliyokuwa nayo. Kaburi ni kaburi. Kinachoandikwa juu yake ni majina ya waliomo, si ya waliokufa kwingine, na mtu wa ukoo wa Mputa anayekuja kuweka ngao pale hana wajibu wa kumlilia kila mtu. Ingekuwa kumbukumbu hii inaitwa kaburi la manduna wa Njelu, hoja yangu ingeishia hapo. Lakini inaitwa ya Majimaji. Jina hilo linadai vita vizima, kutoka Rufiji hadi Ziwa Nyasa, na makabila yote yaliyoingia humo, na hapo ndipo orodha ya watu 67 inapobebeshwa mzigo usio wake.

Sababu ya kubebeshwa inaeleweka. Mwalimu Julius Nyerere alipozungumza mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa mwaka 1956 aliieleza Majimaji kuwa vita vya watu wasioamini kwamba mzungu ana haki ya kuwatawala na kuwastaarabisha, wala si ghasia za ushirikina. Kwa chama kilichokuwa kinadai uhuru, ilikuwa muhimu kuwa na mababu waliosimama pamoja bila kujali kabila. Baada ya uhuru, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa mwaka 1968 kwenda vijijini kuwahoji wazee, kazi ambayo mpaka leo ndiyo hazina kubwa ya masimulizi ya vita hivi. Taifa lilipotafuta mahali pa kuweka kumbukumbu hiyo katika jiwe, Songea ilikuwa na kila kitu ambacho Nandete na Ngarambe hazikuwa nacho kwa pamoja: mji wenye jina la shujaa, makao makuu ya mkoa, kaburi lisilobishaniwa, tarehe moja, na majina. Vita vilianzia kwa wakulima wa pamba, kumbukumbu ikaishia kwa manduna.

Matokeo yake ni kwamba sanamu za mahali hapo ni za watawala. Mtu asiyejua historia akipita kati yake atadhani Majimaji ilikuwa vita vya machifu, ilhali kwingineko ilienezwa na waganga na wajumbe wasio na ukoo wa kifalme, mara nyingine dhidi ya majumbe wenyewe. Atadhani pia kwamba Wangoni wa 1905 walikuwa kabila moja lililoshuka moja kwa moja kutoka kusini, ilhali wengi wa waliojiita Wangoni siku hizo walikuwa watoto na wajukuu wa Wandendeule na watu wengine wa nchi hiyo, waliotekwa au kumezwa na utawala huo katika kizazi kilichotangulia. Katika historia ya jirani zao wa magharibi, Wamatengo, Wangoni ni wavamizi kabla ya kuwa mashujaa. Masimulizi ya aina hiyo hayafai kwa hotuba ya tarehe 27 Februari, nakubali, lakini makumbusho yana siku nyingine 364.

Chabruma naye hayumo. Nkosi wa Mshope alipigana wakati wenzake wa Njelu wamekwisha kunyongwa, kisha akavuka Ruvuma na kufia katika nchi iliyokuwa ya Wareno. Kwa kuwa hakukamatwa, hakuhukumiwa. Kwa kuwa hakuhukumiwa, hakuandikwa. Na kaburi la Mahenge haliwezi kumdai. Ni jambo la ajabu kidogo kwamba aliyefanikiwa kumkwepa mnyongaji ndiye aliyekosa mnara. Nkomanile, kwa upande wake, yumo kaburini kwa haki ileile ya wanaume, lakini neno linalorudiwa zaidi hapo ni wapiganaji, na neno hilo humfunika. Alichokifanya hakikuwa kushika mkuki. Alifungua mlango, akaruhusu mjumbe mgeni azungumze na nchi nzima, na bila uamuzi huo wa Kitanda pengine Njelu ingebaki nje ya vita, kama maeneo mengine yaliyobaki nje. Kama ningeulizwa ni jina gani kati ya yale 67 linalostahili maelezo marefu zaidi ukutani, ningetaja lake kabla ya la Mputa.

Kuhusu askari, nitasema machache. Wanyongaji hawakuwa Wajerumani peke yao. Waliowakamata manduna, waliowalinda na waliochoma maghala walikuwa kwa sehemu kubwa Waafrika, baadhi yao kutoka mbali na wengine kutoka makabila ya nchi hiihii. Dar es Salaam ina sanamu ya askari iliyosimikwa na Waingereza mwaka 1927, lakini hiyo ni ya Vita Kuu ya Kwanza. Askari wa Majimaji hawana mnara, na sioni kwamba wanapaswa kuwa nao juu ya kaburi la waliowaua. Kuwaacha nje ya simulizi ni jambo jingine, kwa sababu bila wao kisa kinageuka kuwa cha weusi na weupe, na kinakuwa rahisi kuliko kilivyokuwa.

Ni haki pia kusema kwamba mji haukutegemea jiwe peke yake. Uwanja mkuu wa Songea unaitwa Majimaji, na timu yake ya mpira, Majimaji, ambayo mashabiki huiita Wana Lizombe, ilitwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1985, 1986 na tena 1998. Kwa miaka ile jina la vita lilitangazwa redioni kila wiki, likashangiliwa Dar es Salaam na kuzomewa Mwanza. Mtoto wa Kigoma ambaye hakuwahi kusikia habari za Namabengo alijua kwamba Majimaji ni watu wa kusini wasiokubali kufungwa kirahisi. Kama kumbukumbu hupimwa kwa wingi wa vinywa vinavyolitaja jina, uwanja uliishinda makumbusho kwa mbali, ingawa haukuweza kueleza chochote.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Mahenge. Alitembezwa makumbusho, akakutana na ukoo wa Mbano, akainama makaburini, na akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwafanyia mababu wa watu aliokuwa anawatazama. Ziara hiyo iliandikwa sana Ulaya, na kwa uzito wake ilistahili. Lakini kwa wenyeji jambo zito zaidi lilikuwa lile alilolisema kuhusu kichwa cha Songea Mbano: kwamba Ujerumani ingesaidia kukitafuta, na kwamba hakuweza kuahidi kwamba kitapatikana, kwa kuwa kutambua mabaki ya watu ni kazi ngumu hata kwa wanasayansi. Jibu hilo lilikuwa la uaminifu. Lilikuwa pia jibu linaloonyesha upande wa pili wa orodha ile.

Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 mafuvu ya Waafrika yalisafirishwa Ujerumani kwa wingi ili yapimwe. Mkusanyiko mmoja peke yake, ulioanzishwa na mwanaanthropolojia Felix von Luschan na sasa uko mikononi mwa taasisi ya Stiftung Preußischer Kulturbesitz ya Berlin, ulikutwa na mafuvu 1,135 yaliyotoka katika iliyokuwa koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani na maeneo ya jirani. Watafiti waliyagawa kwa asili yake, 904 yakawa ya Rwanda, 202 ya Tanzania, 22 ya Kenya. Kila moja lilikuwa na mahali pake kabatini. Majina karibu hayakuwapo. Songea kuna majina 67 juu ya mifupa isiyoweza kutenganishwa. Berlin kulikuwa na mifupa iliyotenganishwa kwa uangalifu mkubwa, isiyo na majina. Ofisi ileile ya kikoloni iliyojua kuandika nani anyongwe lini haikuona haja ya kuandika kichwa hiki ni cha nani, kwa sababu maabara ilitaka mfano wa kabila, haikumtaka mtu.

Njia inayotumika sasa ni vinasaba. Mwaka 2023 taasisi hiyo ilitangaza kwamba mafuvu matatu yalikuwa yamelingana na ndugu walio hai nchini Tanzania, mojawapo likiwa la mshauri wa Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Old Moshi, yule aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900 na ambaye kichwa chake mwenyewe bado kinatafutwa. Ni mafanikio makubwa, lakini tazama yanavyohitaji kuanza: yanahitaji ukoo unaojulikana, ambao wajukuu wake wanaweza kuitwa kwa majina na kutoa mate. Mbano wanao ukoo huo. Mputa anao. Mwanamke aliyekufa njaa kati ya Namtumbo na Ruvuma mwaka 1907 pengine anao wajukuu pia, lakini hakuna anayejua kwamba ni wajukuu wake, kwa hiyo hata sayansi, inapokuja na nia njema, inaanzia pale mnyongaji alipoishia.

Tanzania ina mfano mmoja wa kichwa kilichorudi, nao hautulizi moyo kikamilifu. Mkwawa wa Wahehe alijiua mwaka 1898 ili asikamatwe, kichwa chake kikachukuliwa, na kurudishwa kwake kukaandikwa katika ibara ya 246 ya Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919. Miaka ikapita. Gavana Mwingereza wa Tanganyika, Edward Twining, ndiye aliyekwenda kulitafuta fuvu hilo katika makumbusho ya Bremen, akalichagua kati ya mengi kwa kulinganisha vipimo vyake na vya vichwa vya jamaa wa Mkwawa na kwa tundu la risasi lililokuwapo, akalirudisha kwa sherehe tarehe 19 Juni 1954. Wapo waliouliza tangu siku hiyo kama kweli ni lenyewe. Liko Kalenga, karibu na Iringa, ndani ya sanduku la kioo, na wageni hulitazama.

Kwa Songea Mbano swali hilo litakuja kwa sura ngumu zaidi iwapo fuvu litapatikana. Kalenga ilikuwa lazima fuvu litafutiwe nyumba. Mahenge nyumba zipo mbili, na zimeachana kwa hatua chache tu: makumbusho, ambayo kazi yake ni kuonyesha, na kaburi, ambalo kazi yake ni kuficha. Makumbusho ni ya taifa na yana sheria zake za mali ya urithi. Kaburi ni la ukoo, na wazee wa mila ndio wanaojua maneno ya kusema kabla halijafunguliwa. Litakaporudi, mtu atalazimika kuamua kama nduna atakamilishwa ardhini, mbali na macho ya wanafunzi wanaoletwa kwa mabasi, au atawekwa kwenye kioo kando ya mikuki. Kwa sasa kaburi lake limejengewa kama makaburi mengine, na kinachokosekana ndani yake hakionekani. Mgeni hukijua anapoambiwa na anayemtembeza.